Jina la Jioni

Mwezi uliopita nilirudi Kericho kumzika mwanamke ambaye hata vijana waliochimba kaburi lake hawakumjua kwa jina. Mchungaji alipotangaza kwamba tumekusanyika kumuaga mama yetu Dorina, niliona watu wakitazamana. Msichana aliyesimama karibu nami, amejitanda leso kichwani kwa sababu ya manyunyu, alimnong'oneza mwenzake, "Kwani tunazika nani?" Mwenzake akamwambia, "Si ni Mama Langat." Yule wa kwanza akasema aa, Mama Langat, kama mtu aliyewashiwa taa, kisha akauliza tena, "Na huyo Langat mwenyewe ako wapi? Mbona haweki mchanga?" Tuliokuwa na jibu pale tulikuwa wachache, na mmoja wao alikuwa mimi, mwanamke mzima kutoka ng'ambo ya ziwa, mwenye viatu visivyofaa kwa udongo ule mwekundu. Nilitaka kumjibu, nikaona kaburi la mama wa watu si mahali pa kusimulia hadithi ndefu. Kwa hiyo naiandika hapa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Habari za kwetu Bukoba, za wazazi na ndugu, nitaziruka. Hazina ubaya wowote, ila hazihusiki. Kanisani kwetu lilisomwa ombi la vijana wa kujitolea kwenda kuwahudumia wakimbizi nchini Kenya, na mimi nikanyanyua mkono kabla msomaji hajamaliza sentensi. Kichwani mwangu niliona jangwa, mahema, na watu wa taifa jingine waliovuka mpaka na watoto mgongoni. Nilichokuta ni baridi, mvua ya mawe karibu kila alasiri, na ua wa kanisa nje kidogo ya mji wa Kericho uliojaa Wakenya waliofukuzwa na Wakenya. Wengi walikuwa watu wa ziwani, Wajaluo walioletwa na kazi ya majani chai kizazi kimoja au viwili nyuma, wakazaa na kuzeeka humo humo mashambani. Mwaka ule, kwa ajili ya siasa, waliambiwa pale si kwao. Wenyewe waliita mambo yale klashi, kwa neno fupi hivyo, kama vile mtu anavyotaja ugonjwa ambao ameshauzoea.

Asubuhi ya kwanza Pasta Samweli, mwenyeji wa hapo na msimamizi wa ua ule, alinipandisha juu ya benchi niwasalimie. Nikatoa sauti yangu ya kwaya: "Ndugu zangu wapendwa wakimbizi, shikamooni!" Watoto walicheka. Mwanamke mmoja mfupi, mwenye vidole vilivyotiwa weusi na utomvu wa chai, alisimama akiwa na sufuria mkononi. "Madam," akasema, "hiyo shikamoo tumeshika. Lakini mkimbizi ni nani hapa? Mkimbizi ni mtu amevuka boda. Mimi nimevuka barabara tu. Nyumba yangu si ndio ile, ile ya tatu? Unaona vile wameanika nguo zao kwa kamba yangu?" Niligeuka nikatazama. Ng'ambo ya barabara zilionekana nyumba za wafanyakazi zilizopangwa safu safu, ambazo wenyewe huziita laini, na kwenye kamba ya nyumba ya tatu kulikuwa na mashati ya watu wengine yakipigwa na upepo. Chai iliyozizunguka ilikuwa haijachunwa kwa muda, imeanza kurefuka ovyo kama nywele za mgonjwa. Nilishuka kwenye benchi bila kumaliza salamu. Huyo ndiye alikuwa Mama Langat, na tangu siku hiyo sijaweza kulitamka neno mkimbizi bila kusita.

Nililala na wanawake katika darasa la shule ya Jumapili. Madawati yalikuwa yamerundikwa ukutani, na juu yake ilibaki michoro ya watoto ya safina ya Nuhu, twiga wakichungulia dirishani. Chumba kilinuka mablanketi mabichi, mafuta ya taa na jasho la watu wasio na maji ya kutosha. Chakula kilikuwa ugali mgumu na kabichi iliyochemshwa na waru, ambavyo kwetu tunaviita viazi mviringo, walivyotuletea wakulima wa upande wa Londiani nyuma ya lori la maziwa. Kwa mtu aliyelelewa kwa ndizi, ule ugali ulikuwa adhabu. "Huyu anakula kama ndege," Mama Langat aliwaambia wenzake mbele yangu, "na anaongea kama redio." Niliposema "naomba chumvi", wote waliangua kicheko, kwani wao walisema "leta chumvi" na chumvi ikaja. Utani ule ulinisaidia kuliko sala nyingi nilizosali mwaka ule, kwa sababu usiku ulipoingia hakukuwa na aliyecheka tena, na watoto walilia wakiwa usingizini.

Mwanawe, Langat mwenyewe, alikuwa kijana wa rika langu. Kabla ya klashi alikuwa akilisha kuni boila la kiwanda cha chai, na pale uani alijipa kazi ya kupasua kuni za jikoni. Nilishangaa kumsikia akiitwa Langat. Hata mgeni kama mimi nilikuwa nimeshajua hilo ni jina la Wakipsigis, wenyeji, watu wa upande uliomfukuza. Mama yake alinieleza tukimenya waru. Alishikwa na uchungu wakati wa jioni akitoka kupimisha majani, akaangukia kwenye njia iliyopita kando ya boma la bibi mmoja wa Kikipsigis. Yule bibi alitoka, akampokea mtoto kwa mikono yake, akakata kitovu, akatazama ng'ombe wanaorudi zizini na kusema mtoto huyu ni Kiplangat, aliyezaliwa jioni. "Mimi nikacheka hapo chini kwa nyasi," Mama Langat aliniambia, "kwa sababu hata kwetu mtoto wa jioni tunamwita Odhiambo. Jina ni moja, ni mdomo ndio mbili." Mume alikufa mapema. Mama alishinda kwenye chai, mtoto akashinda kwa bibi, akacheza na kulala na watoto wa bibi. Kijaluo mtoto alikielewa mama yake akimgombeza, lakini alijibu kwa Kikipsigis. Odhiambo lilibaki jina la ubatizo. Laini nzima, kiwandani, na mama mwenyewe walilifupisha lile la bibi, wakamwita Langat.

Bibi yule bado alikuwa hai. Wote walimwita Kogo, yaani bibi kwa lugha yao, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa akija nje ya ua, nyuma ya jiko, na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandisha yaliyotiwa majivu ya mti, akikipitisha kwenye tundu la michongoma iliyotuzunguka. "Tata," alikuwa akiniita badala ya Dada, kwa sababu ulimi wa kwao hautofautishi sana D na T, wala B na P, "shika hii. Ni ya Langat. Mwampie anywe yote, asipakishe." Langat alikunywa akiwa amechuchumaa upande wa huku, Kogo amechuchumaa upande wa kule, wakizungumza kwa sauti ya chini na kucheka. Vijana wa kwao walimwambia Kogo waziwazi kwamba akiendelea kulisha maadui nyumba yake itawaka. Kogo aliendelea kuja. Siku hizi nikisikia mtu anayehubiri upendo wa jirani kwa kipaza sauti, namkumbuka bibi yule na magoti yake yenye matope, na sina haja ya kumsikiliza mhubiri hadi mwisho.

Kisha akaja afisa wa serikali na askari wawili, akasimama mlangoni bila kuingia, akasema ua lazima ufungwe. Kila mtu apelekwe kwao. Pasta akamuuliza kwao ni wapi kwa watu waliozaliwa ng'ambo ya barabara hii. Afisa akajibu kwamba kila mtu anajua asili yake. Malori yangewachukua hadi ziwani. Wengine walishusha pumzi, kwa sababu usiku uliotangulia mawe yalikuwa yamerushwa juu ya paa letu. Mama Langat hakushusha pumzi. Habari zilikuwa zimeshapanda kutoka chini: mahali chai inapoishia na miwa inapoanzia, vijana wa Kijaluo wameweka magogo barabarani kulipiza kisasi, wanasimamisha magari na kumtafuta Mkipsigis. Anayetiliwa shaka anaambiwa aseme jina lake na atokako.

Niliwasikia yeye na Pasta wakibishana jikoni, mimi nikiwa nyuma ya ukuta wa mabati nikiosha sufuria. "Pasta, huyu mtoto akifungua mdomo ni Mkipsigis. Hao vijana wa magogo watajuaje ni Mjaluo?" Pasta akamwambia lori litakuwa na msalaba mkubwa ubavuni, na mama mzazi atakuwa naye. "Abaki kwa Kogo basi," alisema Mama Langat. Pasta akasema kwa upole, "Mama, hao vijana wetu wa hapa wanamjua hata kwa kivuli. Wakimpata kwa Kogo, watachoma wote wawili." Nikasikia sufuria ikiwekwa chini. "Kwa hivyo juu ni kifo na chini ni kifo," akasema. "Ni mtoto wa wapi huyu?" Pasta hakubuni jibu, na ninamheshimu kwa hilo. Mimi nilikuwa nimekuja na Biblia yenye mistari iliyopigwa rangi kwa ajili ya kila jambo, na siku hiyo niliipekua nisipate mstari wa kumpa mwanamke yule.

Ndipo alipoamua kumfundisha. Kwa siku zilizobaki, darasa la Jumapili likawa kweli darasa. Alimkalisha mwanawe kwenye dawati dogo, magoti yakamfika kidevuni, akamuuliza kwa ukali, "Nyingi ng'a?" Jina lako nani? Naye akajibu, "Nyinga Otiampo." Alijaribu tena, "Otiampo," na tena, "Otiampo." Ile DH ya Kijaluo iligeuka T mdomoni mwake, na B ikageuka P, sawasawa na Kogo. Watoto walikuwa wakianguka kwa kicheko. Yeye mwenyewe alicheka hadi machozi. "Mathe, hata jina langu imenikataa," akasema. Mama yake hakucheka. Alimshika taya kwa vidole vyake vyeusi, akamwonyesha pa kuweka ulimi kati ya meno, akampulizia ile sauti usoni. Mimi, ambaye kazi yangu ilikuwa kugawa maharage na kufunga vidonda, nilikaa kando nikimsikiliza mtu mzima akijifunza kuitwa.

Ulimi haukukubali. Basi akabuni njia nyingine: mwanawe ana jino, taya limevimba, hawezi kusema. Nililifunga mimi taya lile kwa bendeji, nikaweka pamba ndani ili shavu litune, nikamzungushia hadi utosini. Kazi ilikuwa nzuri. Hata Pasta alimpa pole. Na uani likapigwa marufuku jina la Langat. Mama alipita kwa kila familia, kwa kila mtoto, akisema kuanzia leo huyu ni Odhiambo, mkisahau mtaniua. Mtoto aliyeteleza alifinywa sikio. Asubuhi ya kuondoka hata vitoto vidogo kabisa vilikuwa vikiimba Odhiambo, Odhiambo, vikimzunguka kama mchezo. Kogo alikuja michongomani na kibuyu, akaambiwa sheria mpya. Akajaribu, "Otiampo," akatikisa kichwa, akanyoosha mkono kupitia tundu na kumshika kijana kifundo cha mguu, basi. Pasta aliomba dua ndefu. Lori likateremka barabara kati ya chai pande zote mbili, msalaba ubavuni, na mimi nikarudi jikoni kwa sababu waliobaki walikuwa bado wanahitaji uji.

Dereva alirudi siku hiyo hiyo, jua likiwa bado juu. Nilikuwa nikichambua maharage nikasikia sauti yake upande wa pili wa mabati, akizungumza na Pasta. Alisema walisimamishwa pale pale miwa inapoanzia. Wanaume wote waliteremshwa, kila mmoja akasema jina. Ilipofika zamu ya kijana aliyefungwa taya, mama yake alimjibia kutoka juu ya lori kwa Kijaluo safi: ni mwanangu, Odhiambo, ana jino. "Wakamwangalia, Pasta. Wakamwambia pole. Walikuwa wameshamwachilia." Wanaume wakaanza kupanda tena. Kijana alibaki chini akimsukuma mzee mmoja apande. "Na mimi nilikuwa naogopa, nikaanza kusongesha gari. Ile gari kuanza kutembea, mama kuona kijana ako chini, akapiga nduru. Langat! Langat, panda!" Nilisikia akivuta kamasi. "Pasta, na yeye akaitika."

Maharage niliyokuwa nayo mapajani yalimwagika nami sikuyaokota. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua pa kuipeleka. Nilimkasirikia afisa, vijana wa huku, vijana wa kule, na Mungu ambaye tulimpa muda wote ule wa kujiandaa. Nimekuwa mcha Mungu hadi leo, lakini hasira ile sijairudisha, wala sidhani kama ameniomba niirudishe. Waliomuua kijana yule walikuwa ndugu zake wa damu, na alikuwa ameshapita. Jambo pekee lililowaambia kwamba yeye ni mtu mwingine ni mama mwenye hofu akiita kwa jina lililokuwa ulimini mwake kila siku tangu jioni ile alipomzaa. Wote aliwafundisha. Hakukumbuka kujifundisha yeye.

Ua ulikuwa umeshafungwa nami nilikuwa nikimsaidia Pasta kutembelea wagonjwa, karibu na mwisho wa mwaka wangu, niliposikia kwamba Mama Langat amerudi. Huko chini baba wadogo wa kijana walimzika kwa haraka, wakamwambia mama hawana kiwanja cha mjane aliyewaletea Mkipsigis. Alipanda mlima peke yake hadi kwa Kogo, na kwa kuwa ghasia zilikuwa zimepoa, hakuna aliyemzuia. Nilifika wakiwa wamekaa nje ya jiko, wanapukuchua mahindi kwenye ungo mmoja. Kogo alikuwa amekonda. Baada ya kunikaribisha kwa chai ya maziwa alinitazama mimi, si mwenzake, akasema, "Hiyo jina ni mimi nilimpa." Mama Langat akaendelea kupukuchua. "Na ni mimi nilimwita," akasema. Nilingoja mmoja wao alie, au amlaumu mwenzake, au anigeukie mimi mtu wa kanisa nitoe neno. Hawakufanya hivyo. Walimaliza mahindi yale, Kogo akaleta mengine.

Jioni Mama Langat alinisindikiza hadi barabarani. Ng'ombe walikuwa wakirudishwa, moshi umetanda juu ya chai, na kutoka kilima cha pili mwanamke aliita, kwa ile sauti ndefu ya kuvuka bonde, "Langaaat!" Mtoto fulani akaitika na kukimbia. Mama Langat alikuwa amesimama ghafla, shingo imegeuka, mdomo wazi. Hatujaenda mbali tukasikia tena, mahali pengine, mtu mwingine akimwita Langat mwingine alete maji. Watoto wa jioni ni wengi nchi ile, na saa ile ndiyo ya kuwaita nyumbani. Akageuka tena. Nilielewa kwamba kila siku ya maisha yake, jua likizama, itakuwa hivyo, na sikuweza kuvumilia. Nilimshika mkono nikamwambia twende Bukoba. Nilimwambia mama yangu atampokea, kuna shamba, kuna ndizi, na hakuna mtu kule, hata mmoja, mwenye jina lile.

Alinisikiliza hadi nilipomaliza, kwa adabu, kama mtu anayesikiliza redio. Kisha akauliza, "Kwa hivyo huko kwenu hakuna mtu atamwita?"

Nikasema hakuna.

"Basi wacha nikae hapa," akasema, "penye bado anaitwa."